Mistari Minene kwa Macho ya Kamanthe

Tabora,
5 Machi 2000

Mjukuu wangu Wavinya,

Leo ni tarehe tano Machi, mwaka elfu mbili. Ni miaka thelathini na tisa tangu niondoke Machakos na sanduku la mbao na barua ya kuajiriwa na Reli, na ishirini na sita tangu nilale huko mara ya mwisho. Naanza na tarehe kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa ofisini: mchoro usio na tarehe haufai kitu, hata uwe mzuri namna gani. Nilikuwa mchora ramani za reli, labda bibi yako alikuambia. Madaraja, vituo, makalvati ya kupitisha maji chini ya reli. Kalamu ya wino na rula, mpaka nilipostaafu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Hatujawahi kuonana, nawe umeniandikia kama mtu tuliyeachana naye jana sokoni. Nimeelewa hivi, unirekebishe nikikosea: dada yangu Kamanthe anapoteza macho kwa presha ya macho. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija, na picha za kawaida kwake zimekuwa majivu matupu. Lakini wewe, unayefanya kazi katika duka la kompyuta mjini, ulichukua picha ya harusi ya mama yako ukaigeuza kuwa mchoro wa mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, kama uliochorwa kwa mkono, na Kamanthe akamwona binti yake. Sasa anataka kuniona na mimi kabla macho hayajafunga. Unaomba picha yangu ya karibuni.

Natuma niliyo nayo. Ilipigwa 1961, wiki niliyoondoka. Koti ni la mwalimu wangu, ndiyo maana mikono imezama ndani.

Nina swali la mtu wa kazi hiyo. Kompyuta inajuaje mstari uko wapi? Usoni hakuna mistari, Wavinya. Kuna mwanga na kivuli na mahali vinapokutana, basi. Mimi ilinichukua muda mrefu kulijua hilo, na nilikuwa nachora madaraja, ambayo hayacheki wala hayakunji uso.

Msalimie sana dada yangu. Mwambie mvua za huku zinakaribia kwisha na mihogo imekubali.

Babu yako,
Urbanus Ndeti


Machakos,
9 Aprili 2000

Kwa Babu Ndeti,

Sasa Babu? Nimemsomea Susu mwanzo huu (Susu ndiyo tunamwita nyanya hapa nyumbani) na amesema mzee hasalimiwi kama makanga wa matatu. Kwa hivyo naanza tena. Habari yako Babu, natumaini uko salama na nyumba yote.

Picha ilifika, haikukunjika. Swali lako ni zuri, hata Wesley mwenye duka alisema hakuna mteja amewahi kuuliza hivyo. Kompyuta haijui uso. Naweka picha kwenye skana, inaingia ndani, halafu programu inatafuta kila mahali weusi unageuka ghafla kuwa weupe, inaweka mstari hapo. Kwake pua na kifungo cha koti ni kitu kimoja. Pazia la studio lililokuwa nyuma yako lilitoka na mistari mingi kukushinda. Wesley aliangalia akasema, "Huyu mzee wako amenaswa kwa wavu wa samaki." Nilikaa na mausi nikifuta pazia mkunjo kwa mkunjo.

Halafu nikafanya kosa. Nilifikiria mtu asiyeona anataka kitu kikubwa. Nikakuchapisha kwa karatasi nne, nikaziunganisha na gundi, nikazipeleka nyumbani Mumbuni nikiwa na furaha kama mtu amebeba televisheni. Susu alisogea, akaangalia, akasema, "Naona pua. Ni pua nzuri. Mwenye pua yuko wapi?" Kumbe ule mrija wake unaona kidogo kidogo, na kitu kikubwa kinamwagika nje. Kesho yake nikakupunguza ukawa kama ukurasa wa daftari. Akaushika mbali, mkono wote umenyooka, na ukaingia mzima.

Alikutazama muda. Nilingoja afurahi. Akasema, "Huyu ni Ndeti niliyemsindikiza. Huyu sihitaji karatasi kumwona. Mwambie anitumie yule mzee."

Anauliza pia unakuja lini. Kile chumba cha mwisho, chenye mlango wa buluu, bado anakiita chako. Hakuna mtu hulala huko. Mimi na yeye tunalala pamoja, na wiki iliyopita alitoa blanketi zako juani. Anataka kujua tarehe ili mtu apake chokaa.

Ni mimi,
Wavinya


Tabora,
30 Aprili 2000

Mjukuu wangu Wavinya,

Ulipofuta pazia ndipo ulipoanza kuchora. Kabla ya hapo ilikuwa mashine peke yake.

Nikuambie mambo mawili ya ufundi. La kwanza, usiipe mistari yote unene mmoja. Chini ya taya na kwenye kope za juu, weka mnene, kwa sababu hapo ndipo uso unaposhikilia. Kwenye shavu, mwembamba, au acha kabisa, jicho la mtu litamalizia lenyewe. La pili, anza kumtazama mtu kwenye sikio. Watu husahau sikio, lakini ndilo halibadiliki sana uzeeni.

Picha mpya yangu haijapatikana. Mpiga picha wa mtaani kwetu amesafiri kwenda kwao Nzega, na yule wa karibu na stesheni picha zake zinatoka za kijani. Badala yake natuma kitu ambacho Kamanthe atakipenda zaidi: picha ya mama yetu. Yake iliyokuwa ukutani ililiwa na mchwa pamoja na fremu, alinieleza zamani. Hii ni ya 1958, mbele ya kanisa, ilipigwa na padri mmoja aliyekuwa na kamera ya kuning'iniza shingoni. Mama anacheka kwa sababu padri, akirudi nyuma ili ampate vizuri, alikanyaga mavi ya ng'ombe kwa viatu vyeupe. Sijui picha nyingine yoyote ambayo mama anacheka. Sijui picha nyingine yoyote ya mama.

Ni nakala pekee. Nimeifunga kati ya kadibodi mbili na kuandika kwenye bahasha ISIKUNJWE, kwa herufi za ramani. Alipofariki 1979 mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa, na habari zilinifikia akiwa amekwisha zikwa. Picha hii niliichukua nilipolala huko mara ya mwisho, na imekaa nami tangu hapo. Itunze.

Kuhusu kuja, mavuno yakishaingia ndani tutaona.

Babu yako,
Urbanus Ndeti


Machakos,
18 Juni 2000

Kwa Babu,

Usiogope, picha ya mama yako, Mama Mkuu wetu, iko salama, iko ndani ya Biblia ya Susu. Nimechelewa kwa sababu stima siku hizi ni ya mgao. Wanasema maji ya bwawa la Masinga yameshuka sana, kwa hivyo mji unapewa stima asubuhi na unanyang'anywa mchana. Mara mbili nilikuwa nimefika shingoni mwa Mama Mkuu, pap, skrini ikazima na kazi yote ikaenda. Wesley anasema hiyo ni adhabu kwa watu hawasevu kazi yao.

Sasa nikuambie nilichofanya, na usikasirike.

Nilifuata maneno yako yote. Taya mnene, shavu mwembamba, nikaanza na sikio. Lakini kwa mdomo, kwa sababu anacheka, programu ilitoa kitu kama msumeno. Ncha, ncha, ncha. Nikadhani ni ile picha imechakaa, ama skana imekwaruza. Nikaketi nikausafisha. Nikampa meno mazuri yaliyopangwa, kama ya yule dada wa tangazo la dawa ya meno hapo stendi. Hata Wesley alinipongeza. Nikampelekea Susu.

Babu, alicheka mpaka akashika mlango. "Aiya! Nani huyu? Huyu ni bibi ya mmisionari! Wavinya, umeenda kumtoa wapi huyu mzungu mweusi?" Nikamwambia ni mama yake. Akaacha kucheka. "Mwaitu, mama yetu, alikuwa na meno ya kuchongwa. Alichongwa akiwa msichana, kwa kisu na nyundo ndogo, na hakulia. Wenye rika lake walimwimbia. Hayo ndiyo meno yake. Wewe umemng'oa kitu alichovumilia."

Nimekuwa nikisikia kwamba wazee wa zamani walichonga meno. Nilijua kama mtu anavyojua kitu cha shule. Sikujua ni mtu wa kwetu, na kwamba ndio alikuwa anacheka nayo hapo.

Nikarudi dukani kabla stima ipotee. Nikaanza upya kutoka mwanzo, na safari hii mdomo sikugusa. Msumeno wote nikauacha. Susu aliuchukua akiwa mlangoni kwenye mwanga, akaupitisha mbele ya jicho polepole, kutoka sikio hadi kidevu, akafika mdomoni, akasimama hapo. Aliongea na karatasi kwa Kikamba. Mimi nikaenda kuangalia ng'ombe.

Amesema niandike barua yake. Iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika vile alivyosema, hakutaka nilainishe.

Ni mimi,
Wavinya


Mumbuni, Machakos
Siku hiyo hiyo

Ndeti,

Nimemwona mwaitu. Asante. Sikujua ningemwona tena hapa duniani. Nilikuwa nimeanza kusahau upande gani wa mdomo ulitangulia kucheka, sasa nimekumbuka.

Lakini mimi ni mkubwa wako na nilikubeba mgongoni, kwa hivyo nisikilize. Nimeomba uso wako. Umenitumia kijana, halafu umenitumia mama. Watu wawili ambao hawako. Wewe uko wapi? Kama mpiga picha ameenda Nzega, hiyo Nzega ni mbali kama mbinguni?

Macho yangu hayangoji mavuno yako. Juzi nilimwaga chai kando ya kikombe mbele ya mchungaji. Yeye akanywa hewa kwa heshima.

Niambie pia kama nipake chokaa.

Dadako,
Kamanthe


Tabora,
9 Julai 2000

Mjukuu wangu Wavinya,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mimi ndiye Nyamizi, mke wa babu yako. Si mwandishi mzuri, utanisamehe. Barua hii anaiposti jirani, babu yako hajui.

Mpiga picha hajaenda Nzega. Jana nimemwona ananunua mchicha.

Babu yako alipata kiharusi mwaka juzi. Alikuwa ananyoa ndevu, akadondosha wembe. Mungu alisaidia, maneno yalirudi, na mkono wa kulia haukuguswa, ndiyo maana mwandiko wake bado unanyooka kama reli. Lakini upande wa kushoto wa uso umeshuka, mdomo umeenda chini, na jicho halifungi sawasawa. Mguu wa kushoto anauburuta. Tangu siku hiyo hajakubali kupigwa picha. Kioo cha sebuleni alikitoa mwenyewe akasema kinaleta joto. Nimemuuliza, kioo kinaletaje joto? Akasema mimi sikusoma fizikia.

Barua ya dada yake ilipofika aliisoma kwa sauti mpaka pale pa kubebwa mgongoni, kisha akaikunja. Aliiweka mfukoni mwa shati na anatembea nayo. Nadhani anaogopa dada yake amwone hivi, na anaogopa zaidi lile swali la chokaa.

Mimi nimeishi naye miaka thelathini na mbili na uso huu mpya nimeuzoea. Mke haoni vibaya. Lakini yeye hajauzoea.

Usimwambie kwamba nimesema. Mwambie tu kitu cha kumtia moyo. Wewe anakusikiliza, kwa sababu unamuuliza habari za mistari.

Bibi yako wa Tabora,
Nyamizi


Machakos,
6 Agosti 2000

Kwa Babu,

Natumaini uko salama. Huku mgao wa stima bado. Sisi tumezoea, hata Wesley siku hizi anasevu.

Babu, mimi siulizi picha leo. Nataka tu nikuambie kile meno ya Mama Mkuu yalinifunza, kwa sababu wewe ndiye mwalimu wangu na mwalimu hupenda kuona daftari.

Kila mtu akileta picha dukani anataka nimtengeneze. Carol wa kinyozi alitaka nimpunguzie mashavu. Kuna baba alileta picha ya kijana wake akasema nitoe kovu. Zamani ningefanya bila kufikiria, kwa sababu kompyuta inafanya haraka, unabonyeza na kovu limeenda. Sasa nauliza kwanza nani ataiangalia hiyo picha. Kovu la kijana sikulitoa, nikamwambia baba amuulize mama yake kwanza. Alirudi akasema mama amekataa, ati alimpeleka hospitali akimbeba na hilo kovu likitoka damu, litakaaje limepotea?

Kwa hivyo mimi siku hizi sinyooshi kitu. Uso ukija umepinda, unatoka umepinda. Ukija na msumeno, unatoka na msumeno. Nimekuandikia hivyo ili ujue, ukiwa na picha yoyote, ya mtu yeyote, ya namna yoyote, hapa itachorwa vile ilivyo na mtu anayeipenda.

Susu aliona jicho la kulia likizima kabisa wiki iliyopita. Limebaki la kushoto. Daktari anasema dawa ya matone inachelewesha, hairudishi. Nikamuuliza ni muda gani. Hakusema muda. Alisema kama kuna kitu anataka kuona, msingoje.

Ni mimi,
Wavinya


Tabora,
3 Septemba 2000

Mjukuu wangu Wavinya,

Mpiga picha amerudi kutoka Nzega. Mke wangu anasema hakuwahi kwenda, na anasema hivyo huku akiangalia pembeni, basi nimejua kwamba umepata barua isiyo yangu. Sijamkasirikia. Barua yako ya Agosti nayo haikuwa na ujanja wa kutosha. "Ya mtu yeyote, ya namna yoyote." Nilicheka, na mdomo wangu ukicheka siku hizi unacheka nusu.

Picha ndiyo hii.

Nilivaa shati jeupe, Nyamizi akanifunga vifungo. Tulikwenda polepole. Mpiga picha alinitazama akasema kwa adabu, "Mzee, geuka kidogo upande wa kulia, mwanga ni mzuri huko." Alikuwa muungwana, alitaka kunificha. Nikageuka. Nikakaa hivyo mpaka alipoinama kwenye kamera, kisha nikamwambia, "Hapana. Nipige mbele, kama ya kitambulisho." Nilikuwa nimekumbuka kazi moja ya zamani. Nguzo ya daraja ilitingishwa na mafuriko ikatitia upande mmoja, nami nilikuwa na mchoro wake wa zamani, mzuri, ulionyooka, nilioufanya kwa mkono wangu. Niliupenda mchoro ule. Lakini mtu akikwenda kwenye daraja na mchoro wa lilivyokuwa, ataangusha treni. Ilibidi nichore lilivyo.

Basi fanya kazi hivi. Mdomo usiunyooshe. Upande wa kushoto ushuke kama unavyoshuka. Jicho la upande huo limelegea kwa chini, kope yake iwe na mstari mnene, lakini usiifunge. Mkunjo wa shavu la kushoto haupo tena, pamekuwa laini kama pa mtoto. Acha weupe hapo, usitafute mstari usiokuwepo. Sikio utaliona liko sawa.

Nimekuwa nikimficha dada yangu kitu ambacho majirani wote wa hapa wanakiona kila asubuhi nikienda kununua gazeti. Nikikiandika hivi kinaonekana cha kipuuzi.

Kioo nimekirudisha sebuleni. Nyamizi amesema joto halijaongezeka.

Babu yako,
Urbanus Ndeti


Machakos,
8 Oktoba 2000

Kwa Babu,

Amekuona.

Nilikufanyia kazi asubuhi nne, stima ikiwepo. Wesley aliniachia mashine nzuri ya mbele na akawafukuza watu wa kuchapa barua. "Leo kuna mgonjwa kwa theatre, anapasuliwa," aliwaambia. Nilipofika mdomoni mkono ulitaka kusaidia, Babu, nakuambia ukweli. Mausi yenyewe ilikuwa inaenda kunyoosha. Nikautoa mkono nikakaa juu ya vidole vyangu.

Susu alitoa kiti chake mlangoni, jua likiwa limemjia usoni. Nikampa karatasi. Ukurasa wa daftari, kama wa kwanza. Akaupeleka kushoto kwa sababu ndilo jicho limebaki. Nitakuandikia vile ilivyokuwa, kwa sababu wewe hukuwepo na hukustahili kukosa.

Akaanza na sikio. Sijawahi kumwambia maneno yako ya sikio, alianza tu. Akasema, "Sikio la baba."

Akaenda kwa paji. "Nywele zimeenda wapi?"

Nikamwambia, "Zilienda Nzega." Akanichapa goti.

Akafika mdomoni akakunja uso. "Wavinya. Umeharibu hapa tena?"

"Hapana Susu. Hapo sikugusa."

"Kompyuta ndiyo imeharibu?"

"Hapana. Ndio vile yuko."

Kuku walipita. Halafu akasema, "Aliugua."

"Aliugua, Susu."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na akaniandikia habari ya mihogo." Akatikisa kichwa. "Huyu mtoto. Alipovunjika mkono kwa mti wa mukuyu alikaa siku mbili akisema anaumwa na tumbo, ili asipigwe. Hajabadilika hata kidogo. Nilifikiri amekuwa mtu mwingine huko."

Akakuangalia tena, kutoka juu, polepole. Akaweka kidole juu ya ule upande umeshuka, kama mtu anapapasa kama mtoto ana homa. Machozi yalikuwa yanatoka lakini uso wake ulikuwa unacheka, na akanikataza kumpangusa. Alisema maji yanasafisha jicho, anaona vizuri zaidi. Sijui kama ni kweli kwa madaktari.

Umewekwa ukutani kando ya mama yako, kwa urefu wa macho yake akiwa amekaa. Kila asubuhi akishatiwa dawa anawapitia nyote wawili. Ndunge wa kanisani, ambaye naye macho yanamsumbua, alikuja kuona, na sasa ananiletea picha ya mume wake marehemu. Kuna wengine watatu wamesema watakuja. Wesley amesema akipata nafasi ataniwekea meza yangu, lakini duka ni dogo kama kiberiti.

Jioni ile Susu aliniuliza, "Na mguu?" Nikamwambia unauburuta. Akainuka, akashika ukuta mpaka kwa mlango wa buluu, akafungua, akaingia, akakaa kwa kitanda chako. Sikumfuata. Alipotoka alisema, "Mwandikie. Muulize swali lile. Asinijibu na mvua wala mavuno. Nimeona uso, sasa naweza kusikia."

Ni mimi,
Wavinya


Tabora,
5 Novemba 2000

Dada yangu Kamanthe,

Barua hii ni yako. Wavinya akusomee mlangoni, asilainishe.

Umesema sijabadilika, sijawa mtu mwingine. Sijui kama unajua umenipa nini kwa maneno hayo. Nilidhani uso wa zamani ndio ulionifanya ndugu yako, na ukishapotea nitakuwa mgeni anayeandika kwa jina langu. Wewe ukaanza na sikio. Sasa najiangalia kwenye kioo kila asubuhi na kuanza na sikio la baba, na mengine yanafuata.

Swali lako nimelikwepa kwa miaka mingi, hata kabla mguu haujaanza kuburuta. Ningeweza kuusingizia mguu. Ungeamini, na kila mtu angenihurumia. Lakini hata ungekuwa mzima jibu lingekuwa hili hili. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa tena, mabasi yalianza kupita, na sikupanda. Wanangu walikuwa shuleni hapa. Nyamizi alikuwa hapa. Hapa ndipo ninapojua nani amezaliwa na nani amefiwa, bila kuandikiwa. Machakos ninayoijua ina mama anayecheka mbele ya kanisa na padri mwenye viatu vichafu, na hiyo sasa iko ukutani kwako, mahali pake. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia, kwa sababu kila mwaka ulitoa blanketi juani, na mimi kila mwaka niliziona kutoka huku.

Basi toa blanketi hizo ujifunike, ni zako. Chumba chenye mlango wa buluu mpe Wavinya. Mle ndani aweke meza yake na mashine yake atakapoipata, dirisha linatazama mashariki, nakumbuka, mwanga wa asubuhi utafaa watu wa macho kama yako wakija kutazama watu wao. Chokaa ipakwe. Ipakwe nyeupe sana, ili michoro ionekane.

Ndani ya bahasha kuna picha tano: Nyamizi, wanangu watatu, na mjukuu wangu wa mwisho, ambaye tulimpa jina lako miaka minane iliyopita. Ana mdomo unaotangulia kucheka upande wa kulia. Wavinya aanze na huyo, maana jicho lako halingoji. Na wewe, Wavinya, Wesley akikupa ruhusa na ukipata nafasi, njoo Tabora. Treni bado inafika, na vituo vingine nilivichora mimi. Nitakuonyesha jinsi ya kushika kalamu ya wino, nawe utanionyesha huyo mausi.

Dada, uliniomba jibu lisilo na mvua. Nimekwisha kukaa hapa, na hapa ndipo nitakapozikwa. Mimi sitarudi.

Ndugu yako,
Ndeti